Dawa Isiyoua Papo Hapo

Ukisoma magazeti ya Dar es Salaam kwenye simu, kama tufanyavyo wengi wetu hapa Maskati usiku kabla ya kulala, utakutana mara kwa mara na vichwa vya habari vinavyosema "mwarobaini" wa jambo fulani umepatikana. Mwarobaini wa foleni, mwarobaini wa mgao wa umeme, mwarobaini wa timu inayofungwa kila wiki. Binti yangu mwenye miaka 12, ambaye husoma juu ya bega langu bila kuombwa, aliniuliza, "Mama, mti unaondoaje foleni?"

Nilimweleza kuwa ni msemo. Wazee walisema mti huo unatibu maradhi 40, ndiyo ukapata jina, na mtu akitaka kutaja dawa ya tatizo lililoshindikana huutaja huo. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe ni arbaiin yetu ya skuli, wameitia m mbele tu." Ndivyo hasa. Mnazi, mwembe, mkarafuu, mwarobaini: ile m ya miti imepandishwa juu ya namba ya Kiarabu. Kinachochekesha ni kuwa Waarabu wa hapa Omani, wenye namba yao, hawauiti hivyo. Wao wanauita shreesh.

Basi watoto wetu wanapita chini ya mti huo kila siku, barabarani, kwenye maegesho ya magari, nje ya misikiti, na hawajui kuwa ndio ule wanaousikia kwa bibi zao. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka 8, alikuwa akiamini kuwa mwarobaini ni kitu cha Unguja, kama karafuu. Siku bibi yake alipomwonesha kuwa mti unaolitilia kivuli gari letu ndio mwarobaini, alibisha.

"Huu shreesh, bibi."

"Huo huo, mjukuu wangu. Tafuna jani."

Akachuma, akatafuna, akatema. Uchungu ukamaliza ubishi.

Kwa kweli mti wenyewe si wetu wala si wao. Asili yake ni Bara Hindi na upande wa Myanmar, na ulivuka bahari kwa sababu watu waliupenda. Haujali jua, haujali ardhi mbovu, na hauwi kwa kiu upesi. Waliokwenda Hija wamepumzika chini yake, maana uwanja wa Arafa umepandwa maelfu ya miarobaini ili mahujaji wapate kivuli. Kule pwani kwetu tuliogeshwa kwa maji ya majani yake tulipopata surua na tetekuwanga, vijiti vyake vilikuwa miswaki, na majani makavu yalitiwa katika mapipa ya maharage ili yasibunguliwe. Hayo mengi wenu mmeyasikia. Mimi nataka kueleza jambo moja tu, nililoliona kwa macho yangu majira ya baridi yaliyopita, nalo linahusu kabichi.

Ami yangu, mdogo wake marehemu baba, ana shamba dogo Barka. Hapa wanaliita mazraa, nasi tumezoea. Joto likishapungua hupanda nyanya, biringanya na kabichi, na kabichi ndizo zinazomrudishia fedha zake. Mwaka huu ziliingiliwa na kiwavi mdogo wa kijani, urefu wake haufiki kucha ya kidole gumba. Ukimgusa hujinyonganyonga, akarudi kinyumenyume, kisha akajiangusha na kubaki akining'inia kwa uzi mwembamba kama wa buibui. Ukiondoka hupanda tena kwa uzi wake na kuendelea kula. Mzazi wake ni nondo wa rangi ya kahawia asiye na sura ya kutisha, ila akikunja mbawa huonekana mgongoni mstari wa vialmasi vilivyopangana. Ndiyo maana anaitwa nondo mgongo-almasi. Kiwavi wake hula jani kwa chini na kuacha ngozi nyembamba ya juu, hivyo ukiliinua jani juani unaona vidirisha vingi, kama nyumba ambayo mtu amesahau kuweka mapazia. Kisha vidirisha hutoboka. Kabichi ya namna hiyo hainunuliki.

Mdudu huyu yuko karibu kila pahala duniani panapolimwa kabichi, na ana sifa moja inayowakera wataalamu: huzizoea sumu. Mwaka 1953, huko kisiwani Java, iliandikwa kuwa DDT haimwui tena, akawa miongoni mwa wadudu wa mazao wa mwanzo kabisa kuishinda dawa hiyo. Tangu wakati huo ameshinda nyingine nyingi. Si ujanja wa akili. Katika joto, kizazi kimoja humalizika kwa wiki mbili tatu hivi. Ukipulizia sumu wakafa wote isipokuwa wachache ambao kwa maumbile yao haiwadhuru, hao wachache ndio watakaozaa, na kabla msimu haujesha una shamba zima la watoto wao.

Ami hakuyajua hayo. Yeye alijua kuwa dawa ya mwaka jana imeshindwa, akarudi kwa aliyemuuzia, naye akamwambia atie vifuniko viwili badala ya kimoja. Viwili vikashindwa, vikawa vitatu.

Anayepulizia si ami. Shambani kwake anafanya kazi kijana mmoja wa Bangladesh, mtu mpole, mwenye kuimba peke yake anapomwagilia. Chupa ile ilikuwa na maandishi ya Kiingereza na Kiarabu, na yeye anasoma Kibengali. Alipewa bomba la mgongoni, hakupewa glavu wala kitu cha kufunika pua, na miguuni alikuwa na ndara. Asubuhi moja ya Disemba upepo uligeuka na kumrudishia mvuke usoni. Adhuhuri alikuwa anatapika, anatokwa jasho na mate, mikono inamtetemeka. Ami alimkimbiza hospitali, na tunamshukuru Mungu alirudi baada ya siku tatu, amekonda na amenyamaza. Sina la kumtetea ami katika hilo na yeye mwenyewe hajitetei. Kwa wiki nzima hakulitia mguu shamba. Alisema ataziacha kabichi ziliwe zote, na mwakani atapanda majani ya ng'ombe tu.

Nyumbani jambo hilo lilizungumzwa mbele ya watoto, na mwanangu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake mkononi. "Mama, dawa inaponya au inaua?" Kwa sababu tulikuwa tukisema dawa imemdhuru kijana, dawa haiwaui viwavi, kijana amepewa dawa hospitali. Neno moja, kazi tatu. Kiswahili chetu kina neno sumu, lakini mkulima haendi dukani kununua sumu, huenda kununua dawa ya wadudu. Nadhani neno hilo tamu limechangia watu wengi kuzishika chupa zile kama wanashika ya kikohozi.

Mama mkwe wangu, ndiye bibi wa watoto, alikuwa kimya muda wote huo, akichambua mchele. Kisha akasema, "Mimi nina gunia la kokwa za mwarobaini." Anaokota kila mwaka wa Mungu, tangu alipokuja hapa kutoka Unguja. Huzitwanga kidogo na kuzifunga vifuko, akazitia katika ndoo za mchele na choroko. Kijijini kwao, alisema, baba yake alikuwa akiloweka kokwa zilizotwangwa na kunyunyizia bilinganya. Ami alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Shangazi, hawa wameishinda ya dukani, wataogopa kokwa?" Bibi akamjibu kuwa hakusema wataogopa.

Ami akampa matuta matatu ya mwisho, yaliyo karibu na kisima, kwa kuwa hakuwa na haja nayo tena. Hapa ndipo binti yangu alipoingia na daftari lake. Mwalimu wa Jumamosi alikuwa amewapa kazi ya kuandika habari ya siku kumi kwa Kiswahili, na yeye hakuwa na habari. Bibi alitaka kunyunyizia matuta yote matatu. Binti akakataa. Alisema tukifanya hivyo hatutajua viwavi wameondoka kwa dawa au wameondoka kwa hiari yao. Tena, kwa kuwa bibi anatia sabuni kidogo katika dawa yake ili ishike kwenye jani, tutajuaje kama si sabuni? Basi tuta la kwanza likapata maji matupu, la pili maji ya sabuni, la tatu mwarobaini na sabuni. Bibi aliliona hilo la kwanza kuwa ni kuwadhulumu kabichi, lakini aliridhia.

Kutwanga kulikuwa kazi. Yule kijana alikuwa amekaa kivulini, bado ana ruhusa ya kupumzika. Alipoziona kokwa alisogea, akachukua moja, akainusa, akasema, "Nim." Akaeleza kwa Kiarabu cha kazini, maneno matatu ya Kiarabu na mikono mingi, kuwa mama yake huweka majani yake katika mchele na katika nguo. Bibi hakumuelewa maneno, ila alielewa mchele. Akampa mchi wa pili. Walitwanga kinu kimoja kwa zamu, mmoja akipandisha, mwingine akishusha, kama wanaotwangiana harusi, na nadhani hiyo ndiyo siku ya kwanza tuliyomsikia akiimba tena.

Sasa daftari. Nalinukuu kwa muhtasari, kwa idhini ya mwenyewe.

Siku ya pili: viwavi wa mwarobaini wazima kabisa. Mdogo wangu amesema, "Bibi, dawa yako imelala." Ami amepita, ametazama, ameondoka.

Siku ya tatu: viwavi wapo, lakini hawali. Hapa binti alikosa neno, akamuuliza bibi yake kiwavi anayekaa tu juu ya chakula asikile anaitwaje. Bibi akasema, "Amezubaa." Likaandikwa.

Siku ya tano: wadogo wamenywea. Baadhi wamekuwa na rangi ya weusi. Mmoja ameanza kujivua ngozi akashindwa kumaliza, amekwama kama mtu aliyenasa kichwa katika kanzu. Tuta la maji na tuta la sabuni, viwavi wamenona.

Siku ya nane: majani mapya ya katikati kwenye tuta la mwarobaini hayana matundu. Ya zamani yana matundu yale yale. Viwavi wakubwa wachache wamefanikiwa kujifunga na kuwa mabuu, hao dawa hawakuijali. Jambo jingine: wale vidukari weupe kama unga wamepungua kwenye tuta la sabuni na la mwarobaini sawasawa, kwa hiyo hao ni sabuni.

Siku ya tisa: mvua.

Mvua ya Omani mnaijua, hainyeshi miezi, ikija huosha kila kitu. Ikabidi kurudia dawa.

Nilitaka kujua kilichotokea ndani ya kiwavi, nikasoma. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan nzige walipovamia. Aliona kuwa nzige walitua kwenye miarobaini kama kwenye miti mingine, lakini wakaondoka bila kula. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, David Morgan na mwanafunzi wake Butterworth walifanikiwa kuitenga kemikali iliyomo kwenye kokwa, kwa kuwapa nzige chakula na kuangalia sehemu ipi wanaikataa. Wakaiita azadiraktini, kutokana na jina la kitaalamu la mti, ambalo nalo limetoka kwenye maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti huru. Umbo lake ni la kutatiza hata ilichukua hadi 1985 kulifahamu sawasawa. Kuitengeneza maabara kulimchukua Steven Ley na wenzake wa Cambridge miaka 22, wakamaliza 2007. Kitu ambacho mti unakitengeneza kimyakimya huku sisi tumeegesha gari chini yake.

Azadiraktini haimpigi mdudu kama nyundo. Kwanza humwondolea hamu ya kula. Pili huvuruga homoni inayomwamrisha kujivua ngozi, na kiwavi asiyejivua hakui, kwa kuwa ngozi yake hainyooki kama yetu. Ndiyo yule wa kanzu. Nondo wenyewe nao, wakipatwa nayo, huweza kutaga mayai machache. Basi mtu anayepulizia jioni na kuja asubuhi kuhesabu maiti ataona dawa ni ya uongo. Anayekuja baada ya wiki kutazama majani mapya ataona jambo jingine. Ndiyo maana pia huwapata zaidi viwavi wachanga, ambao bado wana safari ndefu ya kujivua. Aliyekaribia kumaliza ukuaji wake anakuponyoka.

Kuna faida ambayo hatukuitegemea. Sumu zile kali zilipokoma, tuliona juu ya majani vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele, na wakatoka humo nyigu wadogo mno, wadogo kuliko mbu. Nyigu wa jamii hiyo hutaga yai ndani ya kiwavi, na mtoto wake humla kiwavi kutoka ndani. Mwanangu aliona hilo ndilo jambo tamu kuliko yote. Nilimweleza kuwa kule Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kiliwaleta nyigu wa aina hiyo kutoka Taiwan na kuwaachia katika mashamba ya kabichi ya milima ya Taita mwaka 2002, kwa ajili ya nondo huyu huyu. Nyigu hali majani, kwa hiyo mwarobaini haumgusi sana. Ile sumu ya vifuniko vitatu ilikuwa inamuua yeye kabla ya kiwavi.

Msinifahamu vibaya, wazazi wenzangu. Kuna uvivu mmoja wa kufikiri ambao nausikia sana katika mikusanyiko yetu, kwamba kitu kikiwa cha mmea basi hakina madhara. Utupa ni mmea. Wavuvi wa zamani waliuponda na kuutia majini, samaki wakaelea, na huo huo hutumika kuua wadudu shambani. Tumbaku ni mmea, na maji yake ni sumu ya kumlaza mtu. Pareto, yale maua meupe ambayo Kenya ilikuwa ikiiuzia dunia kuliko nchi yoyote, huangusha mdudu kwa dakika, na haimchagui nyuki. Na mwarobaini wenyewe: mafuta ya kokwa zake yamewahi kunyweshwa watoto wachanga kama dawa ya kikohozi, na madaktari wa Malaysia na India wameandika habari za watoto hao kuingia degedege, baadhi wakafa. Kuoga majani ni jambo moja, kunywesha mafuta ni jingine kabisa. Chujio la nazi alilolitumia bibi kuchujia dawa amelifunga uzi mwekundu na halirudi jikoni. Kinu nacho kimebaki shambani.

Ami je? Ami ni mtu wa hesabu. Alipoona tuta la tatu hakusema neno zuri, aliuliza gunia limebaki kiasi gani. Nusu kilo ya kokwa zilizotwangwa kwa lita 10 za maji, kila wiki, kwa shamba lake lote, ingetaka magunia ambayo hatukuwa nayo, na mikono ya kutwanga ambayo hatukuwa nayo pia. Gunia la bibi liliisha kwenye mara ya tatu. Matuta yaliyokwisha haribika aliyang'oa yote, mizizi na mashina, akayafukia, akapanda vitunguu mahali pake, maana nondo huyu hana haja na vitunguu. Kabichi za tuta la tatu tulizila wenyewe na kuwagawia majirani. Hazikuwa za kupigwa picha, majani ya nje yalikuwa na matundu, lakini ndani zilikuwa ngumu na nyeupe. Bibi alipika kwa tui, na mwanangu, ambaye kabichi humlazimisha mtu kumkimbiza nayo, alikula na kuomba tena kwa sababu alikuwa anazijua moja moja.

Chupa za dukani ami hajazitupa. Anasema nyanya zina adui wengine, na mimi sina elimu ya kumbishia. Lakini zimefungiwa kabatini, ufunguo anao yeye, na kijana ana glavu, viatu vya mpira na kifuniko cha pua. Binti yangu alimchorea karatasi ya picha, jua lenye mkwaju mwekundu, upepo wenye mkwaju mwekundu, mwezi wenye alama ya sawa, akaibandika mlangoni kwa stoo. Kijana akaandika chini yake kwa Kibengali. Hatujui ameandika nini. Binti amemwomba amfundishe kuisoma.

Baadhi yenu mmeniuliza namna ya kutengeneza, kwa ajili ya vile vibustani vya nyuma ya nyumba na ndoo za baraza. Okoteni matunda yaliyoiva yakaanguka, ya manjano, si ya kijani. Yavueni nyama, osheni kokwa, zianikeni kivulini penye upepo mpaka zikauke kabisa. Kokwa yenye ukungu itupeni, ukungu wake una sumu ya peke yake na dawa yake imekufa. Hifadhini katika kikapu au gunia, kamwe si mfuko wa plastiki, hasa kwa unyevu huu wa pwani ya Batinah wakati wa joto. Siku ya kutumia, twangeni, fungeni unga katika kitambaa chepesi cha melimeli, loweka usiku kucha kwa kipimo nilichokitaja, kamueni, chujeni, tieni sabuni kidogo ya maji. Nyunyizeni jioni, kwa sababu jua huivunja dawa kwa siku chache, na jioni nyuki wamekwisha rudi. Lengeni chini ya majani, huko ndiko kiwavi aliko. Dawa iliyolala siku ya pili haina nguvu. Vaeni glavu, wajawazito wasiishike, na mboga ioshwe vizuri kabla ya kupikwa kama mnavyoosha nyingine yoyote.

Matunda yameanza kuiva wiki hii. Ami ameruhusu watoto wa skuli yetu waje Ijumaa mbili zijazo baada ya sala ya Alasiri, jua likishapoa, kuokota kwenye ile miti kumi na kitu iliyozunguka shamba lake, na safari hii anataka magunia sita. Bibi atakuwepo, na anawaomba mje na vikapu na chupa za maji ya kunywa. Kijana wa shamba ameahidi kuonesha namna wanavyozivua nyama kwao, kwa mchanga na miguu, ambayo anasema ni nyepesi kuliko yetu. Bibi hajakubali bado.